Kipande cha Chuma Mwisho wa Reli

4 Machi

Mdogo wangu,

Nakupigia simu tangu Jumatatu, haipatikani. Wenzako wa karakana wameniambia huko kwenye ujenzi wa bwawa mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo barua hii nimempa dereva wa lori la saruji akukabidhi mkononi. Kaa chini kwanza.

Kibibi wangu ameangukiwa na geti la shule.

Yu hai. Nimetaka uanze kujua hilo. Ilikuwa saa nane mchana, wakati wa kutoka. Mlinzi alikuwa ametumwa kubeba viti ukumbini, na watoto wakalisukuma geti wenyewe, kama wanavyofanya siku zote, wanne watano wanakimbia nalo. Siku hiyo lilifika mwisho wa reli lisisimame. Likapita, likatoka kwenye nguzo yake, likalala. Wenzake waliruka pembeni. Yeye alikuwa mbele, hakuliona.

Lilinyanyuliwa na watu wanane. Nyonga imevunjika, na mguu wa kushoto juu ya goti umesagika. Amepasuliwa mara mbili, na daktari anasema ipo ya tatu. Anaongea. Amewaambia wauguzi wote kwamba geti lile alilitengeneza mjomba wake. Anasema kwa kujivunia, mdogo wangu, bado hajaunganisha mambo.

Mwalimu mkuu alikuja hospitali na katoni ya juisi. Aliniita pembeni akasema, "Mama, ndugu yako alituachia kazi mbovu." Unakumbuka mimi ndiye niliyempelekea habari zako. Nilikuwa ofisini kwake nimepeleka sare nilizoishonea shule, akasema anatafuta fundi wa kuchomelea, nikamwambia ninaye wa tumbo moja. Sasa maneno yale yamenikaa kifuani kama mfupa.

Baba yake Kibibi aliongea na fundi mmoja jirani. Anasema geti la kusukuma huwekwa kipande cha chuma mwisho wa reli, kizuizi, ili lisipitilize. Naomba uniambie jambo moja tu. Ulikiweka?

Dada yako

17 Machi

Dada yangu,

Barua yako nimeisomea juu ya mifuko ya saruji, na nilipomaliza msimamizi aliniuliza naumwa nini. Mtoto yule nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutambaa.

Umeniuliza, nakujibu. Kizuizi nilikiweka. Nilikichomelea kwa mkono wangu, pande zote mbili, nikakipiga nyundo kukijaribu. Nguzo za kulishikilia geti lisiyumbe nazo niliziweka, ndefu kuliko walivyotaka. Mwambie yeyote anayeuliza. Kazi niliyoikabidhi siku ile haikuwa mbovu.

Kuja sasa hivi ni vigumu. Tunafunga mabomba makubwa kabla mvua hazijaanza, na anayeondoka anakuta nafasi yake ina mtu. Nitajitahidi. Mwambie Kibibi mjomba anamsalimu, na asiwasumbue wauguzi kwa maneno mengi.

Mlinzi yule wa zamani bado yupo?

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imenirudishia pumzi. Niliisoma mara tatu, halafu nikampa baba yake asome kwa sauti.

Sikia yaliyotokea. Shule walileta karatasi. Watalipa gharama zote za hospitali, nasi tutie sahihi kwamba ilikuwa ajali, hakuna wa kulaumiwa, na hatutadai tena. Shemeji yako alikuwa ameshashika kalamu. Akaniambia, "Tukubali yaishe, mke wangu. Mtoto atibiwe, tulale." Simlaumu, amechoka, analala kwenye kiti cha hospitali siku ya thelathini na ngapi hii. Lakini mimi nilisoma "hakuna wa kulaumiwa" nikaikumbuka barua yako. Kama wewe ulikiweka, basi kuna aliyekitoa. Chuma hakiamki chenyewe kikaenda zake.

Nimepata wakili, msichana mdogo tu, ofisi yake iko ghorofa ya tatu juu ya duka la dawa, ngazi zake zinamaliza magoti. Alinisikiliza bila kunikatiza. Alipoisoma barua yako alisema, "Hii ndiyo kesi yenyewe. Kizuizi kiliwekwa na fundi, kikaondoka kikiwa mikononi mwa shule." Ameiweka kwenye faili. Amesema pia kwamba mageti ya namna hii yameangukia watoto mara nyingi, lakini wazazi hupewa karatasi kama yetu, wakasaini, na hakuna mahakama iliyowahi kutamka neno. Ndiyo maana hakuna sheria inayoyahusu.

Oda ya sare wameniondolea. Wazazi wengine wananipita njiani kama hawanijui, wanaogopa shule itafungwa. Cherehani yangu imekaa kimya wiki ya pili. Lakini nimepiga moyo konde, kwa sababu nina neno lako.

Kuhusu mlinzi, ndiyo, bado yupo. Kwa nini?

Dada yako

2 Mei

Dada,

Nilimuulizia mlinzi kwa salamu tu. Tulizoeana.

Nimefikiria sana habari ya kesi. Wewe ni mkubwa wangu, uliacha shule ili mimi nisome, na sijawahi kukupinga. Lakini labda shemeji ameona mbali. Kesi ni kitu kirefu. Wenye shule wana mawakili wa kukodi kwa mwaka, nyinyi mna msichana wa ghorofa ya tatu. Mtachoka kabla yao. Karatasi ile si mnaweza kuomba waiandike upya, waondoe lile neno la kulaumiwa, mkasaini?

Na ile barua yangu, kama inawezekana, mwambie wakili asiitumie. Niliandika haraka, kama ndugu kwa ndugu. Haikuwa ya kusomwa na watu wa mahakama.

Kibibi anaendeleaje na mazoezi? Umeniambia mambo yote isipokuwa kama anasimama.

Mdogo wako

20 Juni

Kwako,

Hasimami.

Jana mahakama ilihamia shuleni. Jaji alitaka kuliona geti kwa macho yake. Tulikuwa kama watu ishirini tumezunguka reli, jua kali, na mwalimu mkuu ameshika mwavuli. Jaji ni mzee, lakini alipiga goti kwenye vumbi, akapitisha kidole gumba mwisho wa reli. Pana kovu, urefu wa kiganja, laini kama kioo. Akamwita mtaalamu wa mahakama. "Kizuizi kilivunjika?" Mtaalamu akajibu, "Hapana, mheshimiwa. Kimekatwa na mashine."

Wakili wangu alinishika mkono. Alifurahi, masikini. Alidhani tumeshinda.

Ndipo wakamwapisha mlinzi. Akasema, bila kusitasita, kwamba fundi mwenyewe alirudi wiki mbili baada ya kukabidhi geti, akiwa na mashine yake ya kukatia, na cheche ziliruka mpaka kwenye bustani. Wakili wa shule akatoa barua yako, tuliyoipeleka wenyewe, kwenye faili ya mahakama akaisoma kwa sauti pale pale. "Kizuizi nilikiweka. Nilikichomelea kwa mkono wangu." Akaikunja, akasema, "Hakutuambia alikikata kwa mkono upi." Watu walicheka. Hawakuwa wengi, lakini nilikuwa nimesimama katikati yao.

Sikuulizi kama ni kweli. Nakuuliza kwa nini nimeisikia kwa mlinzi.

Dada yako

1 Julai

Dada,

Ni kweli.

Nakuandikia yote sasa, hata kama utaichana. Geti nililikabidhi likiwa na kizuizi. Wiki mbili baadaye shule ikanunua basi jipya, pana kuliko la zamani. Geti likifika kwenye kizuizi linaacha nafasi, lakini basi linakwangua kioo cha pembeni. Mwalimu mkuu akaniita. Tukapima. Nikamwambia dawa yake ni kuongeza reli mita moja na nguzo moja, kazi ya siku mbili. Akasema wazazi wanakuja kuliona basi kesho yake, kikate tu kile chuma, reli utaongeza likizo ikifika. Nikamwambia, "Mwalimu, likisukumwa kwa nguvu litatoka." Akasema, "Nani atalisukuma kwa nguvu? Mlinzi yupo." Nikawasha mashine. Dakika tano hazikufika.

Ningeweza kukataa. Nimejiambia mara nyingi kwamba nisingeweza, kwamba angemwita mwingine, kwamba wewe ungekosa oda ya sare. Yote hayo niliyafikiria baadaye. Siku ile sikufikiria kitu. Nilikuwa na kazi nyingine inanisubiri mchana.

Likizo ilipofika mimi nilikuwa huku bwawani tayari. Nilikumbuka. Hicho ndicho kinachonila. Nilikumbuka siku moja nikiwa nakula, nikasema nitampigia mwalimu simu atafute fundi mwingine amalizie, halafu kengele ya kazi ikalia. Sikukumbuka tena mpaka barua yako.

Uliponiuliza kama nilikiweka, niliona jibu moja la kweli limekaa mbele yangu, nikalichukua hilo, lingine nikalifunika. Nilidhani ni la kuniokoa mimi peke yangu. Sikujua ungeenda kusimama juu yake.

Niambie nifanye nini.

Mdogo wako

12 Julai

Kwako,

Wakili anasema ukikaa huko huko hakuna wa kukuleta kwa nguvu, na shule itamtupia kila kitu fundi asiyeonekana. Mwalimu mkuu ameapa hakukutuma. Jaji atabaki na kovu la reli tu, na kesi itakufa hapo. Ukija, unakuja kujifunga mwenyewe. Utaandikwa mdaiwa wa pili, nyuma ya shule, katika kesi ya mpwa wako.

Tarehe ni 6 Septemba, saa tatu asubuhi.

Mimi sikwambii uje. Sikwambii usije.

Dada yako

3 Novemba

Mdogo wangu,

Hukumu ilisomwa wiki iliyopita. Uliondoka mara tu ulipomaliza kutoa ushahidi, kwa hiyo mengi hukuyasikia.

Kwanza nikwambie hili. Siku ile ya Septemba ulikuwa umesimama kwenye korido ya mahakama, na vifungo vya shati lako ulivifunga kombo. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kukurekebishia, kama nilivyokuwa nakuandaa kwenda shule. Nikaurudisha. Nadhani uliona. Sitakudanganya kwamba najuta, lakini nimeona niseme.

Ulipotoka, wakili wa shule alisema wewe ni mwongo uliyekwisha kuthibitika, kwamba aliyedanganya kwenye barua anaweza kudanganya kizimbani. Nikaona tumekwisha. Jaji akamwita mlinzi tena. Akamuuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa amemuuliza. "Siku fundi anakata kile chuma, mwalimu mkuu alikuwa wapi?" Mlinzi akaangalia chini. Akasema, "Alikuwa pale pale, mheshimiwa. Alikuwa ameshika upande mmoja wa futi ya kupimia." Mlinzi yule ana watoto sita, na siku iliyofuata hakuwa na kazi.

Jaji amesoma kwa muda wa saa nzima. Amesema anayewaita watoto waingie kwake ana wajibu wa kujua hali ya mlango anaowapitisha, na hawezi kusema "mimi si fundi". Amesema pia geti lisilojizuia lenyewe haliwi salama kwa sababu mlinzi yupo, kwani mlinzi ni binadamu, hutumwa viti. Halafu akageukia upande wako. Amesema fundi anayeijua hatari hawezi kujificha nyuma ya amri ya aliyemwajiri, kwa kuwa yeye ndiye mwenye macho ya kuiona. Sehemu kubwa ya lawama ameipa shule. Iliyobaki ni yako. Imeandikwa, ina mhuri.

Kibibi hakuwepo. Ana gongo sasa, la kwapani. Mguu umepona mfupi.

Shule wamekata rufaa. Lakini kwa mlango wa nyuma wamemwendea wakili: wako tayari kutoa kila kilichoamriwa, hata zaidi, ilimradi tukubali hukumu ifutwe kwenye kumbukumbu, kama haikuwahi kusomwa. Shemeji yako anasema tuchukue, na kwamba na wewe utasafika. Sijajibu.

Dada yako

20 Januari

Dada,

Nimeachishwa kazi. Msimamizi alilikuta jina langu gazetini akaniambia hawezi kumweka juu ya mabomba mtu anayekata akiambiwa kata. Nimepanga chumba huku huku, natengeneza fremu za madirisha. Geti sijagusa. Kuna mteja alikuja na picha ya geti analolitaka, nikamwelekeza kwa mwingine.

Pamoja na barua hii nimekuwekea kipande cha gazeti. Wiki iliyopita, mji wa tatu kutoka hapa, geti la zahanati limemwangukia mtoto wa miaka sita aliyekuwa amemsindikiza bibi yake kupima presha. Huyo hakupona. Nimekwenda kuliona. Sijui nilifuata nini. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka watu wakaanza kuniangalia, halafu nikavuka, nikainama kwenye reli. Mwisho wake palikuwa patupu. Hapakuwa hata na kovu. Huyo fundi hakuwahi kuweka.

Usikubali hukumu ifutwe kwa ajili yangu. Wacha jina langu libaki humo. Rufaa ikisikilizwa na wakinihitaji nitakuja, nitasema yale yale, na safari hii sitaondoka mpaka mwisho.

Kuna jambo nataka kuliomba nashindwa. Unalijua.

Mdogo wako

14 Agosti

Mdogo wangu,

Umeniandikia mara tano tangu Januari, nami nimekaa kimya. Barua zako zote ninazo. Nilikuwa sijui nikujibu kama nani.

Rufaa ilisikilizwa Juni. Hawakukuhitaji, walisoma maneno yako kwenye kumbukumbu. Majaji watatu, na wote wamekubaliana na yule mzee. Asubuhi ile nilikaa benchi la mbele, na nyuma yangu alikaa mwanamke nisiyemjua, amejifunga kitambaa cheusi. Mchana alinigusa bega akajitambulisha. Ni mama wa yule mtoto wa zahanati. Alikuwa amesafiri tangu jana yake. Nikamuuliza kama naye ana kesi. Akasema, "Mimi nilisaini, dada. Nilikuja kusikia tu." Tulikula mkate pamoja kwenye ngazi, hatukuzungumza sana. Kama ningeikubali ile karatasi ya pili, ya kuifuta hukumu, sijui ningemwangalia vipi.

Mwezi uliopita imetoka amri ya serikali. Geti lolote la kusukuma, likiwa la shule, hospitali, kiwanda au ghala, lazima liwe na kizuizi pande zote mbili na nguzo za kulishikilia, na likaguliwe kila mwaka, na mkaguzi atie sahihi kwa jina lake. Kwenye wilaya yetu wamekagua shule sitini na mbili. Arobaini na moja hazikuwa na kizuizi. Watoto walikuwa wanayasukuma mageti hayo kila siku. Wakili alinipa hesabu hiyo akitabasamu, akidhani nitafurahi. Nilienda chooni nikalia. Halafu nikanawa, nikarudi, nikamshukuru, kwa sababu amefanya kazi ambayo wakubwa wake hawakuithubutu.

Watu wanaponiona sasa wananipongeza. Hata wale walionipita njiani. Nimepata oda za sare tena, za shule nyingine. Nashona.

Sasa la Kibibi. Ametimiza miaka kumi. Hachezi kamba, anawashikia wenzake. Wiki iliyopita aliuliza ni nani hasa aliyekikata kile chuma, maana shuleni wanasema hivi na hivi. Baba yake alitaka kumzungusha. Mimi nimeona tulichovuna kwa kufunika maneno, nikamwambia. Nikamwambia mjomba alikikata, na mwalimu mkuu alimtuma.

Akauliza, "Mjomba alijua litaanguka?"

Nikasema, "Alijua linaweza."

Akavuta daftari lake akaendelea na hesabu. Sijui ameamua nini moyoni. Hajalia, hajauliza tena, na jina lako hajalitaja. Nimemwambia unaomba kuja kumwona. Akasema, "Sawa." Hivyo tu. Usiijenge hiyo sawa zaidi ya ilivyo.

Na mimi usinitegemee kwa mengi. Kuna siku nakukumbuka ukiwa mdogo, nakuhurumia mpaka kifua kinauma. Kuna siku namwogesha Kibibi nikiuona ule mguu, sitaki hata kukusikia. Sijui utakuja katika siku ipi.

Njoo Jumapili, mchana. Baba yake atakuwa kazini, nami nitakuwa jikoni. Kibibi amesema mlango atafungua mwenyewe. Anachukua muda kufika. Gonga mara moja tu, usubiri.

Dada yako